Ambrayaje ya Baba

Kwenye usukani wa pikipiki ya baba, upande wa kushoto, hapakuwa na kitu. Mpira wa kushikia ulikuwepo na honi ilikuwepo, lakini ule mkono wa chuma unaobanwa kwa vidole kila mtu anapobadilisha vitesi, yaani gia, ambao wengine huuita klachi na kwetu tunauita ambrayaje, haukuwepo. Palibaki tundu la skrubu tu, na baba alilijaza nta ya mshumaa ili mvua isiingie.

Aliiacha hivyo kwa sababu ya mkono wake mwenyewe. Uasi wa kwanza, ule uliokuja muda mfupi baada ya uhuru, ulimkuta akiwa mtoto wa darasa la pili. Watu walikimbilia milimani, na aliyekuwa mbele yake akifyeka njia kwa panga hakumwona. Hivyo ndivyo alivyosimulia siku zote, bila kumlaumu mtu. Mkono wa kushoto ulibaki na kidole gumba na kidole cha shahada, na hicho cha shahada hakikukunjika tena. Kwa mkono huo alijifunza kufunga bendeji, kushika paja la mtoto mchanga asirushe mguu wakati wa sindano, hata kumenya ndizi. Kitu kimoja tu kilimshinda: kubana ambrayaje.

Alikuwa muuguzi Luvungi, na kila wiki alipaswa kupeleka chanjo katika vijiji vya mlimani, huko juu ambako tambarare ya Ruzizi inaonekana kama mkeka ulioanikwa na ziwa ni uzi mweupe upande wa kusini. Kwa miaka mingi alipanda kwa miguu, kisanduku cha barafu begani, asubuhi nzima. Uasi mwingine ulipoanza, ule wa ujana wangu, daktari mmoja wa misheni aliyekuwa akiondoka alimwachia pikipiki yake ndefu ya milimani, yenye matairi ya meno, na kabla ya kwenda akamwomba fundi wa Bujumbura aitie ambrayaje inayojibana yenyewe.

Fundi yule alitueleza kwa kufungua na kufunga viganja. Injini ikinguruma polepole, alisema, vipande vya chuma vilivyomo ndani vimelala, na gurudumu halijui kama injini ipo. Ukivuta mafuta, vinazunguka, vinatanuka kama sketi ya mwanamke anayezunguka akicheza, vinagusa ukuta wa bakuli lao, na pikipiki inaondoka. Mguu unabadilisha vitesi. Mkono wa kushoto unashikilia tu. Baba aliizungusha uani mara tatu, na mara ya tatu nilimwona akicheka peke yake kama mtu anayekumbuka jambo la zamani. Tangu siku hiyo vijiji vya juu vikawa mwendo wa saa moja.

Ilikuwa na tabia moja ngumu. Katika miteremko yetu kila mwendesha pikipiki husimama kwa kuzima injini huku vitesi ya kwanza ikiwa imeingia. Meno ya ndani yanashika gurudumu, pikipiki inatulia kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ya baba haikushikwa hivyo. Injini ikizimwa, vile vyuma vinalala, na hata ukiacha vitesi gani, inabaki huru kama mkokoteni. Kwa hiyo fundi alichonga kabari ya mkaratusi, akaifunga chini ya kiti kwa utepe wa mpira wa tairi. Baba hakuachilia freni kamwe kabla kabari haijakaa nyuma ya gurudumu. Alifanya hivyo hata mbele ya kanisa, mahali palipo sawa kama meza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule yangu ya Uvira ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, nami nilikuwa nyumbani bila kazi, nimejaa mashairi na kiburi. Siku moja nilipanda nyuma ya baba, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari nje ya Luvungi. Walikuwa wakichukua pikipiki za watu. Askari mmoja akapanda ya kwetu, akapapasa upande wa kushoto, hakupata kitu.

"Muzee, ambrayaje iko wapi?"

"Iko mu ndani, chef."

"Mu ndani ya nini?"

"Ya moteri. Inajibana yenyewe."

Askari akawageukia wenzake. "Mumesikia? Iko najibana yenyewe. Hii moto iko kilema sawa mwenyewe." Akashuka kwenye hiyo moto, kama tunavyoita pikipiki, akapiga kiti kofi. "Muzee, peleka kilema mwenzako."

Wakacheka. Na mimi nilicheka. Sikucheka kwa hofu, ingawa miaka mingi nilijiambia hivyo. Nilicheka ili wajue kwamba mimi ni wa upande wao, upande wa watu wenye vidole kumi. Baba aliwasha, tukaenda. Mbele kidogo akasema bila kugeuka, "Waache waicheke. Siku watakayoipenda ndiyo tutalia."

Kisha ikaja asubuhi aliyoamka na malaria. Alitetemeka juu ya mkeka, blanketi mbili, katika joto la Luvungi. Kisanduku cha chanjo ya surua kilikuwa tayari, na akina mama wa kijiji cha juu walikuwa wameambiwa wateremke kutoka vilima vya mbali. Muuguzi msaidizi wa huko angeweza kuchoma sindano, ila hakuwa na dawa.

"Peleka kisanduku tu," baba alisema. "Barafu haitangoja. Ukisimama njiani, nini?"

"Kabari."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kuachilia freni, papa. Najua."

"Najua unajua. Nataka nikusikie unasema."

Nilipanda vizuri. Ni lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli: pikipiki ile ilikuwa rahisi kuliko zote nilizowahi kuendesha. Kwenye mawe, pale ambapo wengine hubana na kuachia mpaka kiganja kinaota malengelenge, mimi nilivuta mafuta na kuachia, nayo ikatambaa yenyewe kama kitu kinachofikiri. Nilipofika kwenye chemchemi iliyo nusu ya mlima, ambapo waendesha pikipiki hupumzisha injini, walikuwepo watatu, na pikipiki zao zimebeba madumu ya mafuta ya mawese. Niliwafahamu kwa sura. Walikuwa wakubwa wangu kwa miaka minne au mitano, na kwangu walikuwa wafalme.

"Aah, mutoto ya muganga," mmoja akasema, yule mrefu. "Amekuja na moto ya bamama."

"Yaya, acha," nikajibu nikicheka, kama mdogo anavyomwita kaka yake.

"Ambrayaje ilianguka njiani ao iliuzishwa?"

"Na angalia pale chini ya kiti," akasema wa pili. "Moto yao inalala na muto."

"Muwekee muto, mutoto ya muganga. Itaamka na shingo inauma."

Mkono wangu ulikuwa tayari umegusa utepe wa mpira. Nakumbuka ulivyokuwa wa moto kwa sababu ya injini. Nikauachia.

"Leo hailali," nikasema.

Nikazima injini, nikakanyaga vitesi ya kwanza kwa kishindo ili wasikie, nikashusha mguu wa chuma, nikaenda kwenye maji bila kutazama nyuma, kama walivyokuwa wakifanya wao. Pikipiki haikusogea. Kulikuwa na kijishimo kidogo kilicholishika gurudumu, nami nikajisemea kwamba fundi na baba walikuwa wakitia chumvi. Nikainama. Nikanywa. Maji yalikuwa baridi mpaka menoni.

"Weye," yule mrefu akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Moto yako iko naenda."

Ilikuwa ikirudi kinyumenyume, taratibu, mguu wake wa chuma ukichora mstari kwenye udongo mwekundu. Sote wanne tulikimbia. Yule mrefu aligusa taa ya mbele. Halafu gurudumu la nyuma likapita ukingo, nayo ikaenda.

Tuliikuta imelala kwenye majani marefu, usukani umepinda, si zaidi ya hivyo. Kisanduku ndicho kilichopasuka. Vichupa vilikuwa juu ya mawe, vingine vizima, vingi vimevunjika, na barafu ilikuwa imesambaa juani. Niliokota vile vizima nikaviweka kwenye mfuko wa shati, ingawa nilijua kwamba joto la kifua changu lingeviua kabla sijafika popote.

Walinisaidia kuivuta mpaka barabarani. Hakuna aliyetania tena. Yule mrefu alijifuta jasho kwa kofia yake, akasema, "Twende kwa muzee. Minye nitasema ni minye nilikuchokoza."

"Nitasema mwenyewe," nikamjibu.

"Sema ukweli tu. Muganga hana ubaya."

"Nimesema nitasema."

Kijiji kilikuwa mwendo wa nusu saa juu. Akina mama walikuwa wamekaa huko na watoto migongoni. Nilipaswa kupanda niwaambie warudi nyumbani. Sikupanda. Niligeuza pikipiki nikashuka, na kwenye kona ya kwanza, nilipohakikisha kwamba wale watatu hawanioni, nikasimama mahali tambarare, nikaifungua kabari, nikaiweka juu ya jiwe na kuipiga kwa jiwe jingine mpaka pembe yake ikapondeka. Niliipiga kwa uangalifu. Nilifikiri gurudumu lingeiponda upande gani, nikapiga upande huo. Sijawahi kuandika sentensi yoyote kwa umakini kama ule.

Baba alikuwa amekaa akiegemea ukuta, homa imeanza kushuka. Nilimwambia kwamba nilisimama bila kuzima injini, kabari ikiwa mahali pake, na kwamba ambrayaje ilikamata yenyewe, pikipiki ikaruka, ikarudi ikaiponda kabari na kuanguka. Aliichukua kabari, akaipitishia kidole gumba cha mkono ule mbovu.

"Weye haukuwa juu yake?"

"Hapana, papa."

"Basi Mungu asifiwe. Minye ndiye nilikutuma na kitu ya hatari."

Siku tano baadaye alipanda mlima kwa miguu na kisanduku kingine, bado akiwa na macho ya njano. Aliporudi aliita fundi kutoka Uvira, si yule wa Bujumbura, aje aitoe ile ambrayaje na kurudisha ya kawaida, yenye mkono wake wa chuma upande wa kushoto. Nilimwambia kwamba si lazima, kwamba labda ilikuwa ni mara moja tu. Akasema kitu kinachokamata chenyewe mara moja kitakamata mara ya pili, na mara ya pili mtoto wake anaweza kuwa juu.

Fundi alifungua injini kivulini, akavitoa vile vyuma kimoja kimoja, akavifuta, akavitazama kwenye mwanga. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia beseni la mafuta.

"Muzee," akasema, "hii kitu haina ubaya. Haijachoka, haijaungua. Haiwezi kukamata yenyewe." Na akanitazama mimi.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, mita mbili kutoka kwetu. Nilitazama ndani ya beseni. Kulikuwa na nafasi kubwa pale, kubwa kama mlango wa kanisa, na maneno yenyewe yalikuwa machache: sikuweka kabari. Nikayahesabu. Mawili tu.

"Weye haukukuwa pale," baba akamwambia fundi, kwa upole, kama anayemrekebisha mgonjwa. "Mutoto wangu alikuwa pale."

Kazi ilipokwisha alijaribu. Sijui kwa nini alijaribu; labda alidhani miaka imekilainisha kidole. Alipanda, akazungusha kiganja chote kwenye ule mkono wa chuma, akausukuma kwa mfupa wa kifundo. Ulibanwa nusu. Pikipiki ikaruka, ikazima. Akajaribu tena, mdomo umefungwa kabisa. Ikazima. Mara ya tatu kuku walikimbia, na mama akatoka jikoni, akatazama, akarudi ndani.

Alishuka, akautoa ufunguo, akanipa.

"Iko yako sasa. Shule haijafunguliwa. Tafuta maisha."

Niliupokea. Nilisema asante.

Kwa hiyo nami nikawa mmoja wao. Nilibeba madumu, nilibeba abiria, nilijifunza kushuka kwa injini iliyozimwa na kusimama kwa vitesi ya kwanza bila kufikiri. Siku moja ya kiangazi nilikuwa nikimpandisha mwanamke mmoja mfanyabiashara, mtu wa Kamanyola, mcheshi, mwenye mzigo wa vitenge. Katika mteremko ulio chini ya chemchemi tukamkuta baba. Alikuwa akipanda polepole, kisanduku begani, shati limegandamana na mgongo. Alisikia injini, akasogea ukingoni kutupisha, akageuza uso upande wa majani kwa sababu ya vumbi. Alipoona ni mimi aliinua ule mkono wenye vidole viwili.

Nilipunguza mwendo. Sikusimama, nilijiambia kwamba mahali pale ni pabaya, na mzigo ni mzito.

"Ule muzee unamufahamu?" mama yule akauliza karibu na sikio langu.

"Ni muganga wa Luvungi," nikasema.

"Muganga, na iko napanda huku na miguu?"

"Hawezi kuendesha moto."

"Masikini," akasema. "Na hana hata mutoto wa kumupandisha?"

Kulikuwa na kona ngumu mbele. Nikabana, nikarudisha vitesi, nikajifanya kwamba injini imenizuia kusikia.