Machinjio Yaliyotazama Magharibi

Nimezaliwa Ghulail, Jidda, kwa wazazi waliotoka Unguja na sanduku moja, na utoto wangu wote niliamini kwamba dunia nzima inaswali kuelekea jua linakochomoza. Kwetu Jidda, Makka iko mashariki. Nilipopata kazi ya kuendesha lori la nyama, safari yangu ya kwanza Riyadh nilitandika mswala kwa mazoea, nikaelekea mashariki, na wapakuzi wa duka wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ukiwa Riyadh, Makka iko jua linakotua. Nikacheka nao, kisha nikageuka nikaswali.

Rafiki yangu nilimpata hukohuko Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, nje ya duka ninalolipelekea nyama. Alikuwa akilitukana gurudumu la gari la kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, kwa Kiswahili cha Kenya, matusi ambayo marehemu mama yangu asingenisamehe nikiyaandika. Nikamsaidia kupiga jeki. Alikuwa Mkamba, Mkristo, dereva wa nyumbani: watoto shuleni, madam sokoni, na usiku kulala kwenye chumba cha getini kisicho na dirisha. Tangu siku ile, kila nikifika Riyadh tulikaa kwenye ngazi ya lori tukanywa chai ya maziwa. Aliniita Ustadh kwa utani, na hali anajua jinsi nilivyokimbia chuo cha Kurani.

Alikuwa na jambo moja tu moyoni. Kwao Ukambani mbuzi ni wengi, na madalali huwanunua kwa bei ya kutupa. Mama yake alipolalamika, dalali mmoja alimjibu kwamba Waarabu hawali nyama ya mikono ya makafiri, kwa hiyo ashukuru kwa anachopewa. Neno hilo lilimkaa kooni.

"Ustadh, sisi kwetu hata harusi ya kanisani tunaita Mwislamu achinje," aliniambia. "Ndio kila jirani akule. Hata matanga ni hivyo. Sasa hao watatufundisha halali gani?"

Alisema kweli. Basi yeye na akina mama wa chama cha kijijini kwao wakaamua kujenga machinjio yao wenyewe, wachinjaji wawe Waislamu wa mjini wenye vyeti, na nyama ije huku bila dalali. Nikamsemea kwa bosi wangu, tajiri wa nyama pale Jidda. Bosi akasema: jengeni, leteni vyeti na video ya uchinjaji, nikiridhika nitachukua.

Miaka minne rafiki yangu aliyajenga machinjio yale kwa simu. Baba yake alizikwa yeye akiwa kwenye foleni ya magari nje ya shule ya watoto wa kafili. Binti yake alimwacha ananyonya, na sasa alikuwa akimwita baba wa kwenye simu. Ukimuuliza atarudi lini, jibu lake lilikuwa hilohilo: Mwarabu akikubali tu, ninapanda ndege. Na mafundi wakikwama kwenye jambo lolote la Uislamu, walimpigia yeye. Kijijini kote yeye ndiye aliyejua, kwa sababu alikuwa akiishi Arabuni.

Video ilifika wakati kafili wake amewaleta watu wake Jidda, waende umra. Rafiki yangu si Mwislamu, Makka haruhusiwi kuingia, kwa hiyo wakamwacha Jidda wakaendelea na gari la shemeji yao. Nikampeleka ofisini kwa bosi. Alivaa shati jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

Bosi alitukaribisha kahawa, akaitazama video. Sakafu inang'aa, kulabu zimepangwa kwenye reli, mfereji wa damu umesakafiwa vizuri, na akina mama wa chama wamesimama mlangoni na vitenge vipya. Mbuzi akalazwa, ameelekezwa jua. Mchinjaji akatamka Bismillahi Allahu Akbar, na sauti ikasikika wazi. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Bosi akairudisha video nyuma, akauliza kwa Kiarabu, nami nikatafsiri: jua lile ni la asubuhi au la jioni?

"La jioni, bosi," rafiki yangu akasema.

Bosi akauliza tena: na kibla ya kwao iko upande gani?

Rafiki yangu akajibu kwa furaha, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilolisoma. "Hapo hapo, jua linapotua. Tulijenga kila kitu ikiangalia huko."

Hapo nikaelewa kosa lilikotoka. Miaka minne alimwona kafili wake akiswali Riyadh, nyumbani, kituo cha mafuta, jangwani kwenye matembezi, na kila jioni uso umeelekea jua linalozama. Akawaambia mafundi hivyo, wakamwaga zege. Lakini ukiwa Kenya, Makka iko kaskazini. Wachinjaji walipokuja kuajiriwa walikuta saruji imeshakauka, wakachinja kama reli ilivyotaka. Kazi ni kazi.

Nilimtetea. Sijapata kusema na bosi namna ile. Nikamwambia kumwelekeza mnyama kibla ni suna, si sharti. Mchinjaji ni Mwislamu, jina la Mungu limetajwa, mbona mambo mazito? Bosi alikubali yote.

"Nyama ni halali," alisema. "Mimi mwenyewe ningeila. Lakini watu wasiojua kibla iko wapi, kesho nani atawaamini? Halas, yamekwisha."

Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijanitoka. Kwenye ghala lake mimi hupakia kuku wa barafu kutoka ng'ambo ya dunia, kwenye nchi ambayo Waislamu wake ni wa kutafuta kwa tochi, kuku wanaoning'inizwa kwa mashine maelfu kwa maelfu. Sijamsikia hata siku moja akiuliza kuku yule alielekea wapi. Muhuri wa kampuni unatosha. Mwenye nguvu mpishe.

Nilimchukua rafiki yangu nyumbani Ghulail. Chai ikapoa mbele yake. Simu yake ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Walikuwa akina mama wa chama, na hakupokea.

"Nionyeshe," alisema. "Pale kwetu, ni wapi hasa?"

Nikamuuliza mlango umetazama wapi na jua linatokea upande gani. Akayachora machinjio kwa kidole juu ya mkeka, nami nikamwonyesha kaskazini. Akaweka kidole hapo.

"Hapo ndio tulichimba shimo ya mavi na matumbo," akasema.

Baada ya wiki nilirudi kwa bosi peke yangu. Nikamuuliza: wakivunja, wakageuza reli? Akanijibu kwamba amekwisha kupata mzigo Kenya hiyohiyo, kwa kampuni ya watu wakubwa. Ninayeishusha nyama hiyo ni mimi. Kampuni hununua mbuzi kwa madalali walewale, na machinjio ya chama sasa madalali wameyakodi kuwalaza mbuzi humo, wakisubiri malori.

Mwezi uliopita nilikuwa Al-Suwaidi, nimemaliza kushusha mzigo, na magharibi ikaadhiniwa. Nikatandika mswala kando ya lori na kuelekea kulikozama jua. Rafiki yangu alikaa kwenye ngazi, akizungumza kwa simu kwa Kikamba. Nilipotoa salamu nikamkuta ananitazama, simu ameiweka kifuani.

"Ni mama," alisema. "Ananiuliza, kwani mbuzi si anageuzwa tu?"

Nikamwambia amjibu kwamba ndiyo, mbuzi anageuzwa. Akaikata simu. Asubuhi ile alikuwa ametia sahihi mkataba kwa kafili wake, miaka miwili mingine.