Keki ya Wifi na Gia Iliyogoma

Jina la Bi Hamira lilitoka mtaani. Alikuwa mwokaji, na kila alipopita aliacha harufu ya mkate. Jiko lake lilikuwa chumba cha uani, na keki alizipeleka mwenyewe kwa pikipiki, ndani ya kikapu cha chuma alichofungiwa mbele ya usukani.

Tangu kikapu kile kifungwe, pikipiki ikaanza visirani. Gia ya pili anakanyaga, inagoma. Anakanyaga tena, inaingia kwa kishindo, ka! Pikipiki inaruka, na keki nayo inaruka. Wateja wakawa wanafungua maboksi na kukuta maua ya krimu yameganda kwenye kifuniko. Fundi wa njia panda akashauri injini ifunguliwe yote. Bi Hamira akasema atafikiri.

Ikabaki siku moja kabla ya harusi ya dada wa mumewe. Bibi harusi mwenyewe akaja kukagua keki yake ya ghorofa tatu.

"Wifi, keki yangu ikifika imelala chali, nakurudisha kwenu!"

"Zidisha maneno, nikupake krimu usoni ndiyo iwe vipodozi vyako."

Wakacheka, lakini wasiwasi ulikuwapo. Wakatoka uani. Bi Hamira akawasha pikipiki, akabana klachi, akatia gia ya kwanza. Wifi alikuwa amesimama mbele, ameshika kikapu. Mara akaona anarudi nyuma taratibu.

"We! Mbona inanisukuma? Si umeshika klachi?"

"Nimeibana mpaka mwisho!"

Wakatazamana. Kumbe klachi ilikuwa haiachii vizuri, ndiyo maana gia zilikuwa zinagombana.

Bi Hamira akazima injini, akaufuata waya wa klachi kwa kidole. Chini ya kikapu akaukuta umebanwa na pembe ya chuma, umejikunja, umelegea. Akalegeza boliti za kikapu, akauchomoa waya, akaupitisha pembeni na kuudondoshea oili. Akazikaza tena boliti, kisha akakaza nati ya kuurekebishia waya kidogo kidogo, mpaka mkono wa klachi ukabaki na ulegevu wa unene wa kidole kwenye ncha.

Wifi akadandia nyuma, wakazunguka mtaa. Gia ya pili iliingia kimya hata Bi Hamira akashtuka.

"Imeingia?"

"Imeingia, wifi!" Bibi harusi akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Jamani, harusi si kesho?"

Kesho yake keki ilifika wima, maua yote mahali pake. Bi Hamira alikuwa hajaketi vizuri alipofuatwa na mjomba wa bwana harusi.

"Shemeji, nasikia unajua klachi. Yangu iko hapo nje, inanitesa."

Bi Hamira akatoka na gauni lake la kumetameta, akachuchumaa. Mumewe akamfuata na sahani, akawa anamlisha keki kipande kwa kipande, maana mikono yake ilikuwa imejaa oili.