Mbegu za Mauwa na malori ya Oktoba

Saa moja asubuhi, kando ya mfereji wa Anderlecht, Mauwa anavunja kichala cha mchicha, anakisugua kiganjani na kupuliza makapi. Punje zinazobaki ni nyeupe. Zilipaswa kuwa nyeusi.

"Bado," anasema, akitupia jicho uzio wa ghala la jirani.

Mwanzoni mwa Oktoba, bustani hii ya wakazi inarudi kwa mwenye kiwanja, apanue uwanja wa malori. Ni kipande cha mwisho cha bustani kubwa ya starehe. Wazee wa mtaa husimulia walivyosimuliwa: Jumapili watu walikuja kwa mashua, wakanywa bia chini ya miti, bendi ikipiga. Kikaja kiwanda cha rangi kikala nusu yake. Saruji ikala iliyobaki. Mpaka leo jembe la Mauwa huibua vipande vya vikombe.

Mauwa ana miaka 56. Jioni husafisha ofisi karibu na Porte de Namur. Kiangazi huuzia migahawa ya Ixelles mboga. Mbegu za mchicha huu alipewa na mama yake kwao Likasi, alipoondoka kuja huku, zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Mama alifariki mwaka juzi na Mauwa akakosa nauli ya kwenda kumzika. Kiwanja cha mama kimeshauzwa. Mbegu hizo sasa ziko hapa tu.

Kila mwaka huacha mstari mmoja bila kuukata, ukomae. Mwaka huu aliukata. Julai alifariki Désiré, fundi umeme wa Saint-Gilles, na waombolezaji wakajaa kwa mjane wake, Tatiana. Mboga nyingine za kuwapikia zilikuwa zimekwisha.

"Kwenye kilio hauwezi kuambia bantu bangoje mbegu iive," anasema Mauwa. "Bon, nilikata yote."

Mchicha ulichipua upya, lakini kwa kuchelewa.

Hénock, mlinzi wa ghala, anamtania kupitia uzio. "Maman Mauwa, terrain inaenda, na wewe uko namwangia maji?"

"Ambia patron yako aniongezee jua. Nitatoka mbio."

Hénock anacheka, kisha anashusha sauti. "Bamesogeza tarehe, maman. Machine zinafika lundi."

Leo ni Jumamosi; lundi, yaani Jumatatu, ni keshokutwa. Mauwa anaweka ndoo chini na kumpigia Tatiana simu.

"Leta kwangu," Tatiana anajibu, akimaanisha kibaraza cha ghorofani kwake. "Balcon iko na jua mpaka mangaribi. Vitu ya Désiré yenye iko pale nitaitosha, nitaiondoa."

"Haukutaka muntu aiguse."

"Sasa ni mimi nasema itoke."

Mauwa anang'oa mashina manne na udongo wake, taratibu, mizizi isishtuke, na kuyasimika ndani ya ndoo mbili kuukuu za rangi. Yakikomaa, mbegu atagawana na Tatiana, kisha ataomba kipande kingine, popote palipo na udongo.

"Na kama haitakomaa?" Hénock anauliza kutoka uzioni.

Mauwa anainua ndoo na kuelekea kituo cha tramu. Ndani ya tramu anazibana ndoo kati ya magoti, na kila mara dereva anapofunga breki, anainama kuyakinga mashina kwa mwili wake.