Malalamiko ya mtandao yalipofika Bunia, nikamkatia mama asiye na kosa

Habari zenu wakuu. Nawaandikia kutoka Bunia, Ituri, huku Congo, kwa hiyo Kiswahili changu kikiwachekesha mnivumilie. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni fundi wa kampuni ndogo ya internet. Napanda juu ya nyumba, nafunga antena, naweka router, mteja anapata mtandao. Wateja wengi wako mjini, wachache wako Nizi na Mongbwalu.

Zilianza kuja email kutoka nje. Zote zilisema kitu kimoja: address zenu za internet zinashambulia server zetu.

Tulizipuuza. Shefu, yaani bosi wetu, alidhani ni matapeli.

Kisha kampuni inayotuuzia laini kubwa ikaandika: msipozuia ndani ya siku tano, tunawakata wote. Hapo shefu akaniita.

Address iliyotajwa mara nyingi ilikuwa ya Mama Furaha. Ana cyber karibu na site, yaani kambi, ya watu waliokimbia vita Djugu. Watu huenda pale kuongea kwa video na ndugu zao walio mbali.

"Batu bengi banaingia pale," shefu akasema. "Mumoja wao njo (ndiye) mwizi. Kata."

Nikakata. Hata simu sikumpigia. Shefu akaiandikia ile kampuni ya laini kubwa kwamba mhusika amepatikana.

Kesho yake asubuhi Mama Furaha alikuwa ofisini kwetu. Hakupiga kelele.

"Miye sijue hata kushambulia ni nini," akaniambia. "Kuko mama amezaa juzi pale site. Amekuja ili bwana yake aone mutoto. Nimuambie nini?"

Nikachukua laptop, tukaenda wote.

Nilifungua laini yake kwa muda, halafu nikazima kompyuta zote na kuwatoa watu kwenye wifi. Hakuna aliyekuwa anatumia mtandao.

Lakini router ilikuwa inatuma data bila kupumzika, kwenda nchi ambazo Mama Furaha hana ndugu.

Nikaizima, nikaiwasha. Ikatulia. Baada ya dakika chache ikaanza tena.

Mwizi hakuwa mteja wake. Mtu wa mbali alikuwa ameishika router yenyewe na kuitumia kama silaha. Na aliingiaje?

Wakuu, nikaikagua. Password ya kuingia kwenye router ilikuwa ile ya kiwandani. Mlango wa kuirekebisha kutoka mbali ulikuwa wazi kwa dunia nzima.

Niliuacha wazi mimi. Router zote nilizofunga nilifanya hivyo hivyo, ili mteja wa Mongbwalu akipata shida nisipande pikipiki kwenye ile barabara mbovu.

Mama Furaha alikuwa ananitazama. "Umeona mwizi?"

"Nimeona, mama. Kosa ni yangu."

"Basi enda useme vile vile kwa shefu yako."

Nilirudi ofisini nikiwaza kazi imeisha. Ningeweza kurekebisha kimya kimya, barua ilikuwa imeshamtaja mama wa watu na hakuna ambaye angejua. Nikasema. Shefu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaandika barua mbili: moja ya kumsafisha Mama Furaha, nyingine ya onyo kwangu.

Nilianza na router ya Mama Furaha, nikamfungulia laini; siku zilizobaki nilizunguka kubadilisha password na kufunga ule mlango, router moja baada ya nyingine. Mongbwalu nilikwenda kwa pikipiki, mvua ikininyeshea. Malalamiko yakakoma siku ya tano.

Yule mama mzazi alirudi cyber laini ilipofunguka, lakini mumewe alikuwa ameshaingia machimboni kusiko na network. Alingoja wiki tatu kumwonyesha mtoto.

Nilichojifunza: malalamiko yakija, naanza kukagua kazi ya mikono yangu, halafu namuuliza mteja. Kukata ni mwisho kabisa.

Mafundi wenzangu mliopo humu, mmewahi kumhukumu mtu kwa kosa lenu? Mimi nimesema langu, na nyie semeni.