Mafuta ya Alizeti kwenye Upinde wa Babu

Mtakaosoma mtanivumilia. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na kuna maneno nimeyaandika kwa kuyasikiliza tu, kwa sababu shule niliishia darasa la saba. Naandika polepole. Tena nina aibu, hata dukani huwa naonyesha kitu kwa kidole badala ya kukitaja. Lakini jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na linanikera, kwa hiyo bora niliandike.

Nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti. Asubuhi mashine ikishapata moto, mafuta ya kwanza hutoka na harufu nzito, kama karanga zilizosahauliwa kidogo kwenye kikaango. Wenzangu wanasema wameizoea, hawaisikii tena. Mimi naisikia. Ikinifika puani namwona Babu Njiku, baba yake baba, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, kibuyu cha zeze kimeegemea tumbo, na nataka kumpigia kelele: Babu, sema basi!

Kwa wasiomjua, Babu alikuwa mpiga zeze. Kuanzia Sepuka mpaka Ulemo, mtu akioza binti bila zeze la Njiku, wageni walirudi kwao wakinung'unika kwamba ile haikuwa harusi. Alianza akiwa mchunga ng'ombe, kwa kopo la maziwa na uzi mmoja. Siku moja ng'ombe waliingia kwenye uwele wa watu huku yeye anatafuta sauti, akachapwa na baba yake, na kopo likakanyagwa. Akatengeneza jingine. Alipokuwa kijana alikwenda kwa miguu hadi Manyoni, akakaa misimu miwili kwa Mgogo mmoja fundi wa zeze, akimlimia shamba ili afundishwe. Alirudi na zeze la nyuzi mbili na kikohozi. Bibi alikuwa akisema alimkubali kwa ajili ya zeze, kikohozi akakivumilia.

Wakristo walimwita kwenye harusi zao, Waislamu walimwita kwenye zao. Watu wazima walilia akipiga. Hayo ni ya huko nje. Sisi wa nyumbani tulipata mazoezi.

Sijui niyaelezeje mazoezi ya Babu bila kukasirika upya. Hakupiga wimbo. Alichukua kipande kidogo cha wimbo, kama maneno matatu hivi, akakirudia kuanzia tunapotoka kuchota maji mpaka mboga inaiva. Nyii, nyii, nyoo. Nyii, nyii, nyoo. Kabla ya hapo alikuwa amekaza nyuzi, akalegeza, akatega sikio, akakaza tena. Kisha alisugua upinde kwa ulimbo, ule utomvu mkavu wa mti, ambao donge lake alilibandika ubavuni mwa kibuyu. Aliusugua taratibu, mara nyingi, kama mtu asiye na shamba.

"Njiku," Bibi alimwita kutoka jikoni, "huyo mbuzi unayemchinja hafi?"

"Bado hajataja jina lake," Babu alijibu, na kuendelea.

Mimi aliniita mke wake mdogo, kama mababu wanavyotania wajukuu wa kike, na Bibi aliniita mke mwenzake. Aliyeteswa na ile nyii-nyii kuliko wote ni mimi, kwa sababu nilikuwa nachambua mboga pale pale mlangoni, hatua mbili kutoka upinde wake.

Nilipokuwa na miaka tisa mambo mawili yalitokea karibu karibu. La kwanza, mwalimu wetu alituonyesha kwenye simu yake mtu wa nchi za mbali, amevaa shati jeupe, anapiga fidla. Mwalimu alisema huyo anajulikana dunia nzima, na kwamba fidla na zeze ni ndugu. Nilishangaa. Ya kwake haikukwaruza hata kidogo. Sauti iliteleza, laini kama mafuta yanapomiminwa. La pili, ulikuja ujumbe kwamba watu wa redio wangekuja Jumamosi kumrekodi Babu. Hakuwa amerekodiwa na redio hata siku moja. Wakati ule simu nyingi kwetu zilikuwa za tochi tu. Bibi alipaka ukuta udongo mweupe. Babu alinyoa ndevu siku mbili kabla, kisha akanyoa tena.

Mimi niliogopa. Niliwaza nchi nzima inasikia ile nyii-nyii na kucheka. Nilitaka wasikie kitu laini kama cha yule mwenye shati jeupe.

Sasa, kwetu kila kinacholia hupakwa mafuta ya alizeti. Mlango ukilia, mafuta. Mnyororo wa baiskeli ukilia, mafuta. Miguu ikipauka, mafuta. Jumamosi asubuhi Babu alipokwenda kuoga, nilichukua chupa jikoni, nikashusha upinde ukutani, nikazipaka katani zake, zile nyuzi za mkonge zinazosugua zeze, mpaka zikang'aa. Nikapaka na nyuzi za zeze, wa juu na wa chini. Yaliyobaki mkononi nikajipaka mikono na miguu, ili wageni wanikute napendeza. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilifurahi kweli.

Wageni walikuja wawili, dada mmoja mwenye daftari na kijana mwenye visikilizio kichwani. Majirani walijaa uani. Dada alisema, "Shikamoo, mzee," Babu akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibuni," akakaa kwenye kigoda. Alikaza nyuzi. Alilegeza. Alitega sikio. Kijana alitazama saa. Hatimaye Babu alivuta pumzi, akainua upinde na kuuvuta.

Kimya.

Akavuta tena. Upinde uliteleza juu ya nyuzi kama mkono juu ya sabuni. Ukatoa kitu kama pumzi ya mtu aliyelala, basi. Babu akachukua ulimbo na kusugua. Ulimbo ukageuka uji. Akasugua mara ya pili, akafuta kwa shuka lake, akavuta. Kimya.

"Labda mashine yako ndiyo haisikii," dada alimwambia kijana.

"Mashine inamsikia hata yule kuku," kijana alijibu.

Mzee Ramadhani, jirani yetu aliyependa kumchokoza Babu, alisema kwa sauti ili uani kote tusikie, "Njiku, mkono umekwisha, kaka! Shika fimbo sasa, uwaachie vijana!" Watu wakacheka. Babu naye alicheka kidogo.

Kisha alileta vidole vyake puani, akanusa. Akageuka, akanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu yake, mikono na miguu inang'aa. Alinitazama kama mtu anayehesabu hatua za kufika mahali.

"Leo limekataa," aliwaambia wageni. "Zeze likizeeka lina siku zake. Mnisamehe, wanangu."

"Tungerudi, mzee, lakini kesho tuko kwingine," dada alisema. Alionekana kusikitika kweli. Walikunywa uji wao, wakaaga.

Kuanzia siku hiyo habari ilikuwa moja tu: Njiku amekwisha. Harusi iliyofuata walileta spika na kijana wa kinanda. Na iliyofuata pia. Babu aliumenya mkonge, akakausha katani mpya, akafunga upinde mwingine, akaosha nyuzi kwa maji ya majivu. Baada ya wiki zeze lililia kama zamani, ila pale mlangoni tu. Aliniita akanipa donge la ulimbo. "Sugua wewe, mke wangu. Zeze halitaki kuteleza. Bila kukwaruza hakuna sauti." Nilisugua mpaka mkono ukachoka, huku nimenuna, nikidhani ananifundisha kazi tu. Nilijiona mjanja. Niliamini hajui.

Babu alifariki nikiwa darasa la sita. Siri yangu ilikuwa salama, nilidhani. Kisha nikapata kazi hii ya mashine. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani, sijafika hata mlangoni, Bibi akaniambia kutoka ndani, "Mke mwenzangu, leo umekamua alizeti." Hakuwa ameniona. Alisikia harufu.

Nilikaa chini pale pale nje. Mafuta mapya ya alizeti hayafichiki. Mtu aliyejipaka, huhitaji kumuuliza. Na mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake, nanukia kuliko jiko, naye ana harufu ile ile vidoleni.

Kwa hiyo alijua. Alijua watu wakicheka, alijua Ramadhani akimwambia ashike fimbo. Alihitaji neno moja tu, "Mtoto amepaka mafuta," na wageni wangecheka, wangengoja au wangerudi, na mimi ningechapwa viboko viwili na kusahau kufikia jioni. Badala yake aliacha jina la miaka yote hiyo lianguke pale uani mbele ya watu, kwa sababu mjukuu wake alikuwa mwenye aibu na angetazamwa. Inanikera, Babu. Nani alikuomba? Nimemwuliza Bibi kama aliwahi kumwambia. Bibi alisema, "Hakuniambia. Na mimi sikumwambia kwamba chupa ilipungua."

Mmeona watu niliolelewa nao.

Sasa naomba kitu. Zeze lipo, upinde nausugua ulimbo kila Jumapili, lakini sauti yake akilipiga mwenyewe hatuna hata kidogo. Kwenye zile harusi walikuwapo wageni wa mjini wenye simu kubwa. Ikiwa ulikuwapo, au baba yako alikuwapo, na kuna kipande kimebaki mahali, niandikie. Usiogope kuandika vibaya, nitasoma polepole kama ninavyoandika. Na kama ni ile ya mwanzo tu, ya kukaza na kulegeza, kabla hata wimbo haujaanza, usiifute kwa kudhani haina maana. Nitumie hiyo hiyo. Safari hii nitakaa kimya mpaka amalize.