Mgonjwa Niliyempeleka Karantini

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya afya mjini Kisumu. Sheria ya magonjwa ya kuambukiza niliijua kwa moyo. Ilisema kwamba anayejua palipo na mgonjwa wa ndui akanyamaza, ana kosa. Mimi ndiye niliyeitafsiri kwa Kijaluo mbele ya watu sokoni Kibuye, kaptula yangu imepigwa pasi, na sikuwa na shaka hata kidogo.

Katika nyumba iliyopakana na yangu, mtaani Kaloleni, alikaa mama mmoja mjane aliyeuza samaki wakavu. Nilipofika mjini sijui mtu, ndiye aliyenilisha mpaka nikapata mshahara wa kwanza. Aliniita nyathina, mwanangu.

Asubuhi moja hakwenda sokoni. Nilipoingia kumjulia hali nilimkuta amejifunika blanketi, uso na kifua vimejaa vipele vya maji.

"Usimwambie mtu," alisema. "Siku tatu nne vitakauka."

"Mama, ni sheria. Nikinyamaza watanifunga."

"Wewe ndiye sheria?"

Nilikwenda ofisini nikamweleza Bwana Afya, mzungu aliyekuwa mkubwa wetu. Kabla ya saa sita gari lilikuwa mlangoni. Askari walitoa godoro lake, nguo zake na vikapu vyake vya samaki, wakavichoma uwanjani huku majirani wakitazama. Yeye alipanda gari bila kusaidiwa. Hakunitazama.

Kambi ya karantini ilikuwa nje ya mji: mabanda mawili ya mabati, seng'enge kuzunguka, na mlinzi getini. Wagonjwa wote wa ndui walilala banda moja. Sisi majirani tulichanjwa siku ileile. Yeye hakuchanjwa, kwa kuwa ilidhaniwa ugonjwa tayari anao.

Kazi yangu ilinipeleka kule kila Ijumaa kuchukua ripoti. Ijumaa ya kwanza nilifungua daftari la kambi nikaona mwandiko wa daktari mbele ya nambari yake: si ndui, ni tetekuwanga. Ugonjwa wa watoto. Chini yake ameandika kwamba atolewe banda lile.

Nilimuuliza mlinzi mbona bado yumo.

"Hakuna banda lingine lenye nafasi," alisema. "Na barua ya kumtoa haijaja kutoka kwenu."

Barua ilipaswa kutiwa sahihi na Bwana Afya. Niliporudi nilimkuta amekasirika kwa jambo jingine, akimfokea dereva. Nikajiambia nitamkumbusha Jumatatu. Jumatatu alikuwa safarini. Ningeweza kumwendea msaidizi wake, au kurudi kwa daktari mwenyewe. Niliogopa kuonekana karani anayewafundisha wakubwa kazi, nikaketi mezani pangu nikanakili barua za watu wengine.

Barua ilipotoka, wiki ya pili ilikuwa inakwisha, na mama yule alikuwa na homa kali. Safari hii ilikuwa ndui kweli.

Hakufa. Alitoka baada ya wiki nyingi, uso umechimbika, jicho la kushoto limekufa. Sokoni wateja walimpita, maana hakuna aliyetaka samaki walioshikwa na mikono ile. Akafunga nyumba, akaenda kwa kaka yake kule Ahero.

Ilinichukua karibu mwaka kumfuata. Nilipeleka sukari na kitenge. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti kivulini, akaniuliza habari za Kaloleni, nani amezaa, nani amehama. Nilikuwa nimekuja kumwambia habari za daftari. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Akanitangulia.

"Nyathina, wewe unasoma vitabu vyao. Ugonjwa wangu ulikuwa ndui tangu mwanzo?"

Nilitazama mikono yangu.

"Ndiyo, mama."

Alishusha pumzi. "Basi ulifanya vyema. Pale uani palikuwa na watoto wengi. Nilikuwa nimekuwekea kinyongo, na kumbe ulikuwa na haki."

Akaingia ndani kunipikia. Nilikula chakula chake chote, kwa kuwa kukiacha kungekuwa kumtukana, na sikupata tena mwanya wa kuufuta ule uongo. Alifariki msimu wa mvua uliofuata, mafuriko yamefunga njia ya Ahero, na habari zilinifikia akiwa ameshazikwa.