Theta ya Kuazima

Mama Ngazi, fundi rangi, aliibeba ngazi yake ya mita tatu miaka mingi mpaka bega moja likashuka, akawa anatembea kama anayenong'onezana na barabara. Kuta zilikuwa zake, ila usimamizi walipewa wenye cheti wasiojua brashi inashikwa upande upi. Akaenda chuo cha ufundi kukisaka hicho cheti. Masomo yote alipita, kasoro hesabu. Alianguka mara mbili, akaambiwa ya tatu ndiyo ya mwisho.

Kilichomwangusha ni theta, herufi ya kutajia pembe. Mwalimu alisema ukikuta integrali yenye kipeuo cha pili cha tisa kutoa x mraba, mtoe x, weka tatu sini theta. Hilo alilielewa hapo hapo, maana ilikuwa ngazi yake tu: mita tatu zimeegemea ukuta, x ni umbali wa mguu wa ngazi na ukuta, kipeuo ni kimo inapofika, theta ni pembe ya kule juu. Alikokotoa vizuri, kisha badala ya kuirudisha kuwa x kama swali lilivyokuja, akaiacha theta kwenye jibu, imejikalia kama mgeni aliyesahau kwao.

Siku ya mtihani hakuwa na nguo isiyo na madoa. Akaazima gauni la wifi yake, mwembamba wa mwili, mnene wa maneno.

"Ukitoka huko unirudishie," wifi alisema. "Nakujua. Kitu cha watu kikiingia kwako, hakijui njia ya kutoka."

Swali likaja: moja gawanya kwa kipeuo kile kile. Akachora ngazi, akabadilisha, tatu kosi theta ya juu ikakatana na ya chini, jibu likabaki theta tupu. Kwa furaha akanyoosha mkono karatasi ichukuliwe. Gauni likapasuka kwapani, mlio ukamwamsha mlinzi aliyelala tangu chuo kifunguliwe.

Mama Ngazi akaganda. Gauni la watu hilo. Na theta je, ya nani? Akashusha mkono, akaifuta, akaandika: pembe ambayo sini yake ni x gawanya kwa tatu, jumlisha c.

Alifaulu. Wifi alimkuta kazini, msimamizi mzima, akauliza gauni liko wapi.

"Wifi yangu, theta nimeshairudisha," alisema Mama Ngazi. "Sasa na gauni tena? Hebu nipumzishe."

Nyuma yake, fundi mmoja alikuwa akifuta brashi kwa kitambaa chenye maua ambayo wifi aliyatambua.